Mtafute Babu kwa Kazi Yake



Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tunaipenda sana, hasa kwenye vikao vya harusi na vya misiba. Lakini hebu tuulizane sisi tunaokaa mijini: ni wangapi kati yetu tunaoweza kutaja asili yetu kupita jina la babu mzaa baba? Ukimwuliza kijana wa Magomeni au wa Chumbageni baba wa babu yake aliitwa nani, atakujibu kwamba kwanza ampigie simu shangazi. Siku shangazi akifariki, simu hiyo haina wa kuipokea.

Leo nataka kuwasimulieni jinsi mimi mwenyewe nilivyokwenda kumtafuta babu yangu mahali ambapo sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kupatikana, yaani katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani. Nawasimulieni si kwa kujisifu, bali kwa sababu njia niliyopita iko wazi kwa wengi wenu, na hamwijui.

Babu yangu alifariki mwaka 1978, miezi ile ya vita vya Kagera, akazikwa karibu na Muheza, mkoani Tanga, katika ardhi iliyozungukwa na mashamba ya mkonge. Kaburi lake lilikaa miaka mingi likiwa udongo mtupu na mmea wa mkonge kichwani. Hivi karibuni ukoo ulikubaliana kulijengea. Saruji ikanunuliwa, fundi akapatikana, kisha fundi akauliza swali moja tu: "Kwenye kibao niandike nini?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Jina tunalijua. Mwaka wa kufa tunaujua. Alizaliwa wapi? Baba mdogo akasema, "Andika Mngoni wa Songea." Shangazi yangu mkubwa, ambaye sasa anakaribia miaka 80 na macho yake yameshaanza kuzima, akasema, "Songea ni kubwa. Mtu hazaliwi Songea yote. Nataka kabla sijaenda kumfuata baba yangu nijue alitoka wapi."

Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa eti ni msomi.

Ushahidi tuliokuwa nao ulikuwa mdogo. Shangazi alikuwa ametunza mkebe wa majani ya chai, na ndani ya mkebe kulikuwa na kipande, ile kadi ya kazi ya mashambani. Karani aliandika humo jina, wilaya ya Songea, na kabila: Mngoni. Pili, tulikuwa na jina la ukoo, ambalo naomba nisilitaje hapa kwa heshima ya jamaa. Tatu, tulikuwa na hadithi: wakati wa vita vya Hitla babu alitoka kwao, akafika Ruvu, akapanda treni mpaka Muheza. Na nne, kulikuwa na neno lake moja ambalo wanawe wote wanalikumbuka. Hakusema "nilikuja Tanga." Kila mara alisema, "tuliletwa."

Baba mdogo alikuwa ameshakwenda Songea zamani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alizunguka mjini, akaenda Peramiho na vijiji vya jirani, akiuliza jina la ukoo. Hakuna aliyelijua. Akarudi, na tangu siku hiyo jambo hilo likafungwa.

Basi nikaenda Mlimani. Wengi wenu mmeliona lile jengo jipya la maktaba lililojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, lenye nafasi ya kukaa watu zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Mimi sikuwa mwanafunzi wala mwalimu. Nilikwenda na barua ya utambulisho na kitambulisho changu, nikaeleza shida yangu, nikafuata taratibu nilizoambiwa. Nikaelekezwa kwenye hazina ya vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki, ambayo wenyewe huiita East Africana. Vitabu vya pale haviazimwi kwenda navyo nyumbani. Unakaa mezani, unaletewa, unasoma, unarudisha.

Mkutubi aliyenipokea alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Akaniamkia, kisha akaniuliza, "Mzee, unatafuta kitabu gani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi namtafuta babu yangu."

Hakucheka. Akauliza, "Alikuwa chifu, au karani, au mwalimu wa misheni?"

"Hapana. Alikuwa manamba."

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi usimtafute kwa jina, mzee. Hutampata. Mtafute kwa kazi yake."

Ndugu wasikilizaji, ushauri ule ulinipunguzia kazi ya mwezi mzima. Watu wengi wanaokwenda maktaba kutafuta ukoo wao hufungua kitabu nyuma kwenye faharasa, wakaliangalia jina la babu, wasilione, wakaondoka wamekata tamaa. Watu wa kawaida hawakuandikwa kwa majina. Waliandikwa kwa mafungu: wakata mkonge, wapagazi, walipa kodi, wagonjwa, watoro. Ukijua babu yako alikuwa katika fungu gani na katika miaka gani, unaweza kuyajua mengi ya maisha yake ingawa jina lake halimo.

Nikaanza na mkonge wenyewe. Zao hili si la kwetu. Lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche aliyoiagiza kutoka Florida, Marekani, ilikuwa 1,000, na iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifunika Tanga, hata katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Lakini mkonge unataka mikono mingi, na wenyeji wa Tanga wenye mashamba yao hawakuwa na haja ya kwenda kuchomwa na miiba kwa ujira mdogo. Kwa hiyo wenye mashamba wakatafuta watu mbali: Songea, Njombe, Kigoma, Unyamwezi, hata Burundi na Msumbiji. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo likatokea jina manamba. Kipande chake kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyoumwa haikuhesabiwa. Mpaka 30 zitimie ndipo alipolipwa.

Kisha nikasoma habari za vita. Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na kisiwa cha Java, ambako nchi za Magharibi zilikuwa zikipata nyuzi za kutengenezea kamba. Ghafla mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Serikali ya Waingereza ikaanza kuwachukua watu kwa amri kwenda kufanya kazi katika mashamba yaliyohesabiwa kuwa ya lazima kwa vita. Mwaka 1944 wenye mashamba nao wakaunda chombo chao cha kuandikisha watu, kikaitwa SILABU, chenye mawakala wilayani, malori na kambi za njiani. Hapo nikaelewa kwa nini babu alisema "tuliletwa." Sisi wajukuu tulidhani ni namna ya kuongea ya wazee. Kumbe alikuwa akisema jambo lilivyokuwa.

Siku ya tatu nikakutana na jambo lililonishtua. Nilikuwa nasoma habari za reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Tanga ilifika Arusha mwaka 1929. Lakini reli hizo mbili zilikuwa hazikutani. Kipande cha kuziunganisha, kutoka Ruvu mpaka Mnyusi, kilikamilika mwaka 1963. Nikaisoma mara mbili. Ikiwa ni hivyo, babu yangu angewezaje kupanda treni Ruvu mpaka Muheza wakati wa vita vya Hitla, miaka karibu 20 kabla ya reli hiyo kuwapo?

Basi hadithi ya familia ilikuwa na kosa. Lakini nawaomba mzingatie jambo moja. Hadithi ya wazee ikiwa na kosa, usiitupe. Jiulize kosa limetoka wapi. Babu hakuwa mwongo, na shangazi si mwongo. Neno "Ruvu" lilitoka mahali fulani.

Mkutubi alikuwa ameniletea pia kitabu cha Philip Gulliver kilichotoka mwaka 1955. Gulliver alikuwa mtaalamu wa mambo ya jamii katika serikali ya kikoloni, na kitabu hicho kinahusu vijana wa Songea waliokuwa wakienda kufanya kazi mbali na kwao. Anaeleza ukosefu wa fedha, kodi, na umbali wa masoko. Mimi nilikwama kwenye jalada. Kitabu kinataja watu wa aina mbili: Wangoni na Wandendeule.

Wandendeule! Nyumbani kwetu jina hilo halikuwahi kutajwa. Nikasoma zaidi. Wangoni wenyewe walitoka kusini mwa Afrika. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo chake huko Ufipa makundi yakatawanyika. Waliofika Songea wakaunda tawala mbili, Njelu na Mshope, wakawaweka chini yao watu waliowakuta, wakiwamo Wandendeule, ambao makazi yao yako mashariki ya Songea, upande ambao sasa ni wilaya ya Namtumbo. Kwa karani wa mashamba aliyekuwa na mamia ya watu mbele yake, kila aliyetoka wilaya ya Songea angeweza kuandikwa Mngoni, na mambo yakaisha. Baba mdogo alipokwenda kuuliza, alikwenda Peramiho, magharibi. Huenda alikuwa amelipa mgongo kwao.

Nikaomba ramani. Nikafuata kwa kidole mito iliyo kaskazini-mashariki ya Songea, na hapo nikauona mto Luwegu, ule unaokwenda kukutana na Kilombero na kufanya Rufiji. Luwegu. Ruvu. Nikatoka nje, nikampigia simu shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, ule mto wa babu, alikuwa akisema Ruvu, au alikuwa akisema Luwegu?"

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Hebu rudia."

"Luwegu."

"Ndivyo hivyo," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akitamka yeye. Sisi watoto tulikuwa tukisema Ruvu kwa sababu Ruvu tunaijua."

Nilifurahi sana, lakini baadaye furaha ikanitia wasiwasi. Nilikuwa nimemtia shangazi neno mdomoni. Mzee ukimpa jibu ndani ya swali, kwa upendo wake anaweza kukukubalia. Kwa hiyo nikampigia shangazi mdogo aliyeko Korogwe, na safari hii sikutaja jina lolote. Nikamwuliza tu kama anakumbuka mto aliokuwa akiutaja babu. Akasema, "Ruvegu, sijui Luvegu, kitu kama hicho. Alisema alivuka akiwa analia." Hilo la kulia sikuwa nimelisikia kwa mtu mwingine yeyote.

Nilipoeleza haya kwenye kikao cha ukoo, baba mdogo alikasirika. Yeye ametembea na Ungoni maisha yake yote. Anapenda kusimulia habari za mashujaa walionyongwa Songea mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Akaniambia, "Umekwenda Chuo Kikuu kututoa kwenye ukoo wa wapiganaji na kututia kwenye ukoo wa waliotawaliwa." Nilinyamaza, kwa sababu ni mzee wangu, na kwa sababu nilimwelewa. Mtu akiishi miaka 70 na jina fulani, huwezi kuja na karatasi ya maktaba ukamvua kama koti.

Shangazi ndiye aliyetujibu wote. Akasema, "Mimi sikuuliza alikuwa shujaa au hakuwa. Niliuliza alitoka wapi."

Basi nikasafiri mpaka Namtumbo. Nikauliza jina la ukoo, na siku ya pili nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwembe. Nikamweleza habari za kijana aliyetoka wakati wa vita na kwenda mkonge. Akaniuliza jina la mama wa kijana huyo. Nilikuwa nalo, shangazi alinipa. Mzee akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyo tulishamlilia. Baba yangu aliniambia walingoja, walingoja, ilipopita miaka wakaweka matanga bila maiti."

Ndugu wasikilizaji, babu yangu alikuwa hai Muheza, akilima, akizaa, akicheza bao jioni, na kwao walikuwa wameshamlilia. Yeye hakujua, na wao hawakujua. Katika kitabu cha Gulliver mtu wa namna hiyo ni sehemu ya hesabu ya waliokwenda. Hesabu hiyo niliisoma mezani Mlimani. Nilipokaa chini ya mwembe ule ndipo nilipojua uzito wake.

Nilirekodi sauti ya yule mzee kwa simu na kwenda nayo Muheza. Shangazi aliisikiliza yote, akaomba irudiwe, kisha akauliza kama nimewapa habari kwamba baba yake alizikwa vizuri. Nikamwambia nimewapa. Akasema, "Haya."

Kwenye kibao cha kaburi hatukuandika kabila. Tuliandika jina lake, na kwamba alizaliwa karibu na mto Luwegu na kufa Muheza. Baba mdogo aliyakubali maneno hayo, na yeye ndiye aliyemsomea fundi herufi moja moja.

Sasa, kabla muda haujanimalizikia, niseme machache kwa anayetaka kujaribu.

Kwanza, anza na wazee, si na vitabu. Bila jina la ukoo, jina la mama yake babu na lile neno "tuliletwa," maktaba ingenipa historia ya mkonge tu. Waulize sasa, warekodi, na usiwatie maneno mdomoni.

Pili, jua unachokitafuta ni cha aina gani. Kama ukoo wako ni wa Uhaya au Usukuma, pale Mlimani kuna karatasi za Hans Cory, aliyeandika sana juu ya sheria na mila za huko. Kama ni wa Pwani, kuna miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambayo J.W.T. Allen aliiandikia orodha iliyochapishwa mwaka 1970. Kama ni wa kusini, kuna taarifa za utafiti wa Majimaji wa mwaka 1968, ambapo wanafunzi wa chuo walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioiona vita au kusimuliwa na waliopigana. Humo wamo watu wa kawaida, na huenda mmoja wao ni wako. Kuna pia jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936.

Tatu, soma kwa tahadhari. Maandishi mengi ya wakati ule yaliandikwa na wakoloni, nao waliwauliza zaidi machifu. Ndiyo maana koo za machifu ni ndefu, na za wakulima hazionekani. Wanawake ndio kabisa. Bibi yangu, aliyezaa na kulea watoto wote wale kambini, sikumwona katika kitabu hata kimoja.

Nne, na hili nawaambia wakubwa wetu: sehemu kubwa ya maandishi haya ni ya Kiingereza, na ya zamani zaidi ni ya Kijerumani. Shangazi yangu ametajwa katika vitabu hivyo kama mtoto wa kibarua, na hawezi kuvisoma. Wanafunzi wetu wa historia na wa lugha wangeweza kupewa kazi ya kuvitafsiri, sura kwa sura. Historia yetu imewekwa mahali pazuri, penye viti na taa, lakini imefungwa kwa kufuli la lugha.

Mwisho, ukipata, rudisha. Nilichokiandika nimekitoa nakala, moja Muheza na moja Namtumbo. Wale jamaa wameahidi kuja Tanga baada ya mavuno, kuliona kaburi la mtu waliyemlilia mapema mno. Shangazi ameshaanza kuuliza watalala wapi.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.